Nyota Tatu Zinatosha: Alama za Kutenganisha Maandishi Kwenye Simu na Kompyuta

Taarifa nyingi tunazopokea ofisini kutoka sharika siku hizi haziji tena kwa karatasi. Zinakuja kwa barua pepe, kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa WhatsApp. Na karibu zote zimepambwa. Kuna mistari ya nyota, mistari ya vistari, vialama vya tiki, mishale, maua na mikono ya sala. Makatibu wetu wanafanya hivyo kwa nia njema, kwa sababu maandishi yaliyorundikana bila mgawanyo huchosha macho, na msomaji akichoka haoni tarehe ya kikao wala kiasi cha mchango.

Katika toleo hili tumeona vema tueleze alama hizi zinafanya kazi gani, zilitoka wapi, na kwa nini baadhi yake huleta hasara ya fedha au humfungia mtu mlango. Jambo lenyewe linaonekana dogo. Hata hivyo, tangazo la chanjo ya mifugo likifika nusu, au taarifa ya fedha ikisomeka visivyo huko inakotumwa, hasara yake si ndogo.

Alama zina kazi

Alama ya kutenganisha inamwambia msomaji kwamba jambo moja limekwisha na lingine linaanza. Katika kitabu kilichochapwa kazi hiyo hufanywa na vichwa vya habari, ukubwa wa herufi na nafasi nyeupe. Kwenye ujumbe wa simu hakuna vichwa vikubwa wala herufi za ukubwa tofauti, hivyo mwandishi analazimika kutumia alama zilizopo kwenye vitufe: nyota (*), kistari (-), alama ya sawasawa (=), nukta, na mstari wa chini (_).

Kuna alama za aina mbili, na ni vema tuzitofautishe. Ya kwanza hukata maandishi katikati, kama mstari wa nyota kati ya ajenda na taarifa ya fedha. Ya pili hukaa mwanzoni mwa kila kipengele cha orodha, kama kistari au kidoti. Ya kwanza ni ukuta kati ya vyumba viwili, na ya pili ni namba juu ya mlango. Makosa mengi tunayoyaona yanatokana na kuzichanganya: kila kipengele kinajengewa ukuta wake, na mwishowe ujumbe una kuta nyingi kuliko vyumba.

Zilitoka wapi

Watu wengi hudhani nyota na vialama hivi vimekuja na simu. Ukweli ni kwamba vina umri mkubwa sana. Wagiriki na Warumi wa kale waliandika kwa sehemu kubwa bila kuacha nafasi kati ya neno na neno. Waliochonga maandishi kwenye mawe kwa Kilatini mara nyingine waliweka nukta kati ya maneno, au jani dogo la mmea utambaao. Jani hilo lilihamia baadaye kwenye vitabu vilivyochapwa, na hadi leo limo katika simu nyingi kwa sura hii: ❧.

Nyota ina historia ya pekee. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, mkuu wa maktaba ya Alexandria, Misri, aliyeitwa Aristarko, aliitumia kuweka alama kwenye mistari ya tungo za Homeri iliyorudiwa mahali pengine. Jina lake la Kigiriki lina maana ya nyota ndogo. Karibu miaka 400 baadaye, katika karne ya 3 baada ya Kristo, mwanazuoni Origeni alipolinganisha maandiko ya Agano la Kale kwa Kiebrania na kwa Kigiriki katika safu sita, aliichukua nyota hiyo na kuipa kazi mpya. Maneno yaliyokuwamo katika Kiebrania lakini yakakosekana katika tafsiri ya Kigiriki aliyaongeza na kuyawekea nyota. Yaliyokuwamo katika Kigiriki bila kuwamo katika Kiebrania aliyawekea alama nyingine, mfano wa kistari. Kwa hiyo nyota ilianza kama alama ya ukaguzi. Kila ilipowekwa, msomaji alijua kuna jambo la kuangalia. Sisi tunaoandika hesabu za miradi tungefanya vizuri kulikumbuka hilo.

Alama ya aya, ¶, nayo inatokana na herufi C ya neno la Kilatini lenye maana ya kichwa kidogo au sura. Katika Ulaya ya zama za kati, mwandishi aliandika kwa wino mweusi na kuacha nafasi tupu mahali aya ilipoanza, kisha fundi mwingine akaja na wino mwekundu kuchora alama hiyo. Kazi ilipokuwa nyingi, na hasa baada ya mitambo ya kuchapa kuenea, nafasi nyingi zilibaki tupu. Nafasi hiyo tupu ndiyo tunayoiacha hadi leo mwanzoni mwa aya. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliyochapwa kwa amri ya Mfalme James ina alama hizi za aya, lakini baada ya sura ya 20 ya Matendo ya Mitume hazionekani tena.

Huku kwetu nako tusidhani kwamba jambo hili ni geni. Washairi na wanakili wa pwani walioandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitenganisha vipande vya ubeti kwa vialama vidogo vilivyochorwa kwa mkono. Maandishi ya Kigeezi ya Ethiopia hutenganisha maneno kwa nukta mbili (፡), hufunga sentensi kwa nukta nne (።), na yanayo alama maalumu ya kufunga aya (፨) inayopendeza kuliko nyota zetu zote.

Kisha ikaja taipureta. Wasomaji waliokuwa makarani miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka kwamba mashine ile haikuwa na herufi nzito wala mistari ya rangi. Kichwa cha waraka kilipigiwa mstari kwa kurudi nyuma na kugonga kitufe cha mstari wa chini mara nyingi, na mwisho wa waraka ulipigwa nyota kadhaa. Kompyuta za mwanzo zilirithi hali hiyo. Kiwango kiitwacho ASCII, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1963, katika sura yake iliyozoeleka kina alama 95 tu zinazoweza kuandikwa, ukihesabu na nafasi tupu. Ndani ya alama hizo 95 watu walijenga kila kitu. Michael Hart wa Marekani alipoanzisha mwaka 1971 kazi ya kuweka vitabu kwenye kompyuta, kazi iliyokuja kuitwa Project Gutenberg, vitabu hivyo viliwekwa kwa maandishi ya kawaida yasiyo na mapambo, na mahali kitabu kinapoanza na kinapoishia huonyeshwa kwa nyota tatu kila upande wa maelezo. Hazikuwa za urembo. Zilikuwa mpaka ambao mtu na mashine wote waliweza kuuona.

Mwaka 1991 ulitoka kiwango kipya, Unicode, kilicholenga kuzipa lugha zote za dunia nafasi katika kompyuta. Pamoja na herufi, kilibeba pia mapambo: nyota zilizojaa na zilizo tupu, tiki, mikasi, maua, mishale. Sehemu kubwa ya mapambo hayo ilichukuliwa katika mkusanyo wa mchoraji herufi wa Ujerumani, Hermann Zapf, uliotolewa mwaka 1978. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na hapo ndipo matatizo tunayotaka kuyaeleza yalipoanza.

Nyota moja, gharama mara tatu

Sharika nyingi bado hutumia ujumbe mfupi wa kawaida kuwafikia washarika, kwa sababu si kila mtu ana simu kubwa na si kila mtaa una mtandao. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Desemba 1992 huko Uingereza, na kipimo chake hakijabadilika tangu wakati huo: ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140.

Fikirieni debe lenye ujazo usiobadilika. Ukijaza punje ndogo zinaingia 160. Ukijaza punje kubwa zinaingia 70 tu. Herufi za kawaida za Kiswahili, tarakimu, na alama kama * - = + # ( ) / na : ni punje ndogo. Nyota ya mapambo kama ★, kidoti kama •, tiki kama ✓ na vikatuni vya sura ni punje kubwa. Na kuna kanuni moja ambayo wengi hawaijui: ikiingia punje kubwa moja tu, mtandao hulazimika kupima ujumbe wote kwa kipimo cha punje kubwa. Hapo nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Tena, ujumbe unaozidi kipimo hugawanywa katika vipande, na kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha. Punje ndogo zinabaki 153 kwa kila kipande, na punje kubwa 67.

Tuchukue mfano huu:

USHARIKA: Kikao cha kamati ya maji Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisini.  Njoo na: 1) stakabadhi 2) daftari la michango.  Udhuru: mpigie katibu mapema.

Tumeuhesabu. Una herufi na nafasi 146, kwa hiyo ni ujumbe mmoja. Sasa katibu akataka kuupamba, akaweka ★ kati ya sehemu zake. Ujumbe unavuka 70, unakatwa vipande vya 67, na vipande viwili havitoshi kwa sababu vinabeba 134 tu. Unakuwa ujumbe wa vipande vitatu. Kwa usharika unaotuma kwa watu 400 kwa malipo ya kila ujumbe, ni tofauti ya kulipia jumbe 400 au jumbe 1,200, na maneno ni yale yale.

Si fedha peke yake. Vipande hivyo husafiri kila kimoja kivyake, na kwenye mtandao dhaifu kimoja huweza kuchelewa. Mtu aliye bondeni anaweza kupata habari za stakabadhi asubuhi, na siku ya kikao akaijua jioni.

Upo mtego mwingine unaotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Maneno kama ng'ombe, ng'ambo na ng'oa yana ritifaa. Ritifaa iliyonyooka ya kwenye vitufe ni punje ndogo. Lakini programu za kuandikia kwenye kompyuta huibadilisha zenyewe iwe iliyopinda (’), na hiyo ni punje kubwa. Katibu aliyeandaa tangazo la chanjo ya ng’ombe kwenye kompyuta, kisha akalinakili kwenda kwenye mtambo wa kutumia jumbe, anaweza kulipa mara mbili au tatu kwa sababu ya kialama kimoja asichokiona, isipokuwa kama mtambo huo unakirekebisha wenyewe. Alama za kufungua na kufunga semi zilizopinda na deshi ndefu huleta gharama ile ile.

Pia kuna simu ndogo za vitufe, vitochi, ambazo hazina michoro ya alama nyingi mpya. Simu ikipokea alama isiyoijua huonyesha kijumba kitupu au alama ya kuuliza. Mzee anayepokea ujumbe wenye vijumba sita mfululizo anadhani simu yake imeharibika, au anaufuta.

Taarifa iliyofika Ulaya

Baadhi ya wasomaji wa jarida hili wako Ujerumani, Denmark, Norway na Uswidi, nao watacheka kidogo kwa sehemu hii kwa sababu wamekwisha kuyaona.

Programu ya Word ina vialama vya orodha vinavyopendeza: kijiraba cheusi, mshale, tiki. Vingi kati ya hivyo havitokani na Unicode. Vinatokana na herufi za mapambo ziitwazo Wingdings, ambazo kwa kweli ni herufi za kawaida zilizovalishwa nguo nyingine. Kijiraba ni alama ya § iliyovishwa sura ya mraba. Mshale ni herufi Ø, na tiki ni herufi ü. Maandishi hayo yakinakiliwa kwenda kwenye barua pepe isiyo na mapambo, nguo huvuka na herufi hubaki uchi. Orodha ya vifaa vya kisima inasomeka hivi:

§ Saruji mifuko 40
§ Nondo 12
Ø Fundi amekwisha kulipwa
ü Pampu imefika

Kwa msomaji wa Tanzania hizo ni takataka tu za kompyuta, atazipita. Lakini kwa Mjerumani § ni alama ya kifungu cha sheria, na hushangaa kuona saruji imewekwa chini ya sheria. Kwa Mdenmark na Mnorwe Ø ni herufi ya kila siku ya lugha yao, na kwa Mdenmark ni neno kamili lenye maana ya kisiwa. Ile ü ni herufi ya Kijerumani. Kwa miaka mingi kulikuwa pia na herufi J iliyotokea mwishoni mwa sentensi za barua pepe bila sababu. Ilikuwa ni sura ya tabasamu ya Wingdings iliyovuliwa nguo. Watu walijiuliza huyu J ni nani.

Wengine hupata kitu kibaya zaidi, ambapo mahali pa kidoti (•) hutokea alama tatu zilizofuatana: â€¢. Hiyo hutokana na kompyuta mbili kutokukubaliana juu ya kanuni ya kusoma alama. Aliyetuma ametumia kanuni mpya, na kompyuta ya mpokeaji imesoma kwa ya zamani. Hali hii imepungua sana, ila haijakwisha, hasa taarifa inapopitia mikono mingi na programu za umri tofauti.

Mtindo wa vidoti vinavyofuatana hadi kwenye kiasi cha fedha, kama "Mbao ........................ 450,000", unapendeza sana kwenye karatasi. Kwenye kioo cha simu mstari hauenei, hivyo vidoti hukatika na 450,000 hushuka mstari wa pili, ambapo msomaji wa haraka huiona kama ni ya kipengele kinachofuata. Tumeona hesabu sahihi kabisa zikiulizwa maswali kwa sababu hiyo tu. Kwenye simu, andikeni jina la kitu, nukta mbili, na kiasi, basi: "Mbao: 450,000/=". (Na kwa kuwa tumewataja Wajerumani, wao hutumia mkato pale tunapotumia nukta ya desimali, hivyo 450,000 kwao inaweza kusomeka kuwa 450. Neno "Shilingi" na ile /= ya mwisho husaidia, lakini kwa fedha nyingi ongezeni kiasi kwa maneno.)

Kistari mbele ya namba nacho kinahitaji tahadhari. Mwandishi anaweka "- 350,000" akiwa na maana ya kipengele kimoja cha orodha. Mhasibu anaponakili mstari huo kwenda kwenye Excel, programu huona alama ya kutoa, na mchango wa laki tatu na nusu hugeuka deni. Ukianza na kistari kisha neno, kama "-Saruji", Excel hudhani ni hesabu na kuonyesha kosa. Ukiandika mstari wa ===== ndani yake, itakukatalia kabisa. Kwa hiyo katika jedwali la hesabu tusitumie alama za kutenganisha. Mahali pa mpaka pale ni mstari wa jedwali lenyewe.

Kwenye makundi ya WhatsApp

Hapa alama zina tabia ya pekee, kwa sababu baadhi yake si mapambo tena. Tangu mwaka 2016, neno lililozungushiwa nyota moja kila upande, *hivi*, huwa nzito na nyota hupotea. Mistari ya chini hulifanya liwe la mlazo. Mawimbi, ~hivi~, hulikata neno kwa mstari katikati. Mwaka 2024 ziliongezwa orodha: ukianza mstari kwa kistari na nafasi, au kwa namba na nukta, programu huupanga yenyewe.

Hili la mawimbi ndilo lenye hatari. Wapo wanaopenda kuzungushia kiasi cha ahadi mawimbi ili kipendeze. Ahadi ya ~500,000~ ikifika kwenye kundi huonekana imefutwa kwa mstari, na kila mtu hudhani mtoaji amebadili nia. Ni jambo la aibu kwa aliyetoa na kwa mtunza hazina, na huanza maneno yasiyo na msingi.

Jambo la pili ni mistari mirefu. Nyota arobaini zilizopangwa zikaenea vizuri kwenye simu ya mwandishi hukatika mstari na nusu kwenye simu nyembamba zaidi, na ule ukuta huonekana umebomoka. Nyota tatu au vistari vitano hukaa sawa kwenye kila kioo.

Vikatuni hatuvikatazi. Kimoja chenye maana, kwa mfano 📌 mbele ya tarehe, husaidia jicho. Lakini kipengele kimoja chenye maua matatu, mikono miwili na moto hakimsaidii mtu. Na matangazo ya msiba yangeachwa bila vikatuni kabisa. Zipo simu zinazoonyesha vikatuni kwa sura tofauti na ile aliyoiona mwandishi, na msiba si mahali pa kubahatisha.

Anayesikiliza badala ya kusoma

Tumeacha jambo hili nyuma, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu gharama ya ujumbe hulipwa na usharika lakini hii hulipwa na mtu mmoja ambaye mara nyingi hasemi.

Watu wasioona, na wenye uoni hafifu, hutumia programu inayosoma kioo kwa sauti. Simu za Android zinayo iitwayo TalkBack, na simu za iPhone zinayo VoiceOver tangu mwaka 2009. Kwenye kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 huko Australia na vijana wawili wasioona, nayo hutolewa bure. Sauti yake ya eSpeak inayo na Kiswahili, ingawa si laini sana masikioni.

Sasa programu hiyo inapokutana na mstari wa nyota thelathini, hufanya kadiri ilivyopangwa. Nyingine hutaja kila nyota: nyota, nyota, nyota, nyota. Nyingine huhesabu, nyingine huruka kimya. Kwa vikatuni hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila kimoja kina jina rasmi na programu hulitaja jina hilo kila mara. Mikono mitano ya sala mwishoni mwa tangazo hutajwa mara tano, mara nyingi kwa Kiingereza. Kama alama hizo ziko mwanzoni mwa ujumbe, msikilizaji huzisikia zote kabla hajafika kwenye habari. Akikata tamaa katikati, habari yenyewe hakuisikia.

Baya kuliko yote ni herufi za fahari. Siku hizi ziko programu zinazogeuza neno KIKAO liwe 𝐊𝐈𝐊𝐀𝐎 au mwandiko wa mkono. Macho yanaona herufi nzito. Kompyuta haioni hivyo. Hizo ni alama za hisabati zilizoongezwa kwenye Unicode mwaka 2001 kwa ajili ya wanahisabati, na kila moja ina jina lake refu. Programu ya kusoma kwa sauti hutaja majina hayo moja baada ya jingine, au huruka neno lote kana kwamba halipo. Aidha, ukilitafuta neno "kikao" kwenye simu miezi sita baadaye, ujumbe huo huenda usipatikane. Kwa taarifa za kamati zinazopaswa kutunzwa, hilo peke yake lingetosha kuziacha.

Tunavyoomba sharika zifanye

Mgawanyo bora kuliko wote ni mstari mtupu. Haugharimu punje kubwa, hausomwi kwa sauti, haubadiliki ukifika Ulaya. Pale mstari mtupu usipotosha, kwa mfano mkutano mmoja unapokuwa na sehemu tatu, weka nyota tatu katikati ya sehemu moja na nyingine. Kwa orodha tumieni namba, kwani kwenye kikao mtu anaweza kusema "niulize kuhusu namba 4", jambo asiloweza kulisema juu ya kidoti. Kwa kusisitiza neno kwenye ujumbe mfupi tumieni herufi kubwa, na neno moja au mawili yanatosha.

Wanaoandika kwa Word wajue pia kwamba ukigonga vistari vitatu kisha kitufe cha kuingiza, programu huvigeuza kuwa mstari mrefu unaokataa kufutika. Nyota tatu huwa mstari wa vidoti, na alama tatu za sawasawa huwa mstari maradufu. Mstari huo umekuwa mpaka wa aya, si herufi, ndiyo maana kitufe cha kufuta hakiuondoi. Bonyeza Ctrl na Z mara moja baada ya kutokea, nao utarudi kuwa vistari vyako. Kama umekwisha kuendelea mbele, weka kishale kwenye aya iliyo juu yake, nenda kwenye mipangilio ya mipaka, uchague isiwepo mipaka.

Kwa taarifa za robo mwaka zinazokwenda kwa marafiki wa nje, tunaomba zitumwe kama faili la PDF, ambalo hubeba herufi zake lenyewe, na maelezo mafupi ya barua pepe yaandikwe kwa alama za kawaida tu.

Na kabla ujumbe haujakwenda kwa watu wote, utumwe kwanza kwa simu mbili: kitochi cha vitufe, na simu ya mtu atakayewasha programu ya kusoma kwa sauti na kuusikiliza hadi mwisho. Kijumba kitupu kikionekana kwenye ya kwanza, au msikilizaji wa ya pili akashindwa kutaja siku na saa ya kikao, alama iliyosababisha iondolewe, kisha ujumbe utumwe.